Pampu ya insulini kwa mlaji wa wanga kidogo, Dodoma
Pampu hii ya kuvaa kiunoni, inayoniingizia insulini ya kisukari kwa mrija, imenifaa kuliko kalamu za sindano, hasa baada ya kupunguza ugali wa uwele nikabaki na mlenda na kuku wa kienyeji. Mlo wa namna hiyo hupandisha sukari polepole, kwa kuwa sehemu ya protini hugeuzwa kuwa glukosi saa kadhaa baada ya kula. Dozi ya mkupuo mmoja huweza kuishusha sukari mapema mno, ilhali pampu huigawa dozi hiyohiyo, sehemu ikaingia papo hapo na iliyobaki taratibu kwa saa mbili au tatu. Kwa kazi hiyo pekee nimeuona uhalali wa bei yake, ingawa ni kubwa kweli.

Kinachonisumbua ni mrija. Ukikunjika chini ya mkanda, insulini hukatika, na kwa kuwa pampu hutumia insulini ya haraka tu, isiyodumu mwilini, ketoni (asidi zinazotokana na mwili kuchoma mafuta kwa kukosa insulini) zinaweza kuanza kupanda ndani ya saa chache. Kalamu ya akiba haiachwi nyumbani. Jua la Oktoba nalo si la kudharau, kwa hiyo pampu huivaa ndani ya shati, insulini isiharibiwe na joto. Vifaa vya kubadilisha kila baada ya siku mbili au tatu huviagiza Dar es Salaam, mapema.