Saa ya kuhesabu hatua ya elfu 35 Kariakoo, nimeivaa miezi mitatu

Wamama mliojifungua juzijuzi hii ni ya kwenu. Mwenzenu nilimaliza arobaini nikiwa na kilo 84, mtori wa mama mkwe hauna kukataa, nikaona isiwe tabu nikashuka Kariakoo kuchukua hizi saa za mkononi zinazohesabu hatua. Muuzaji kaanza na elfu 60, tukavutana weee mpaka 35.

Mimi nilijifungua kwa opareshen so nilisubiri kwanza daktari aniruhusu, ndo nikaanza kuzunguka mitaa ya kwetu Mwananyamala asubuhi kabla jua halijawa kali.

Sasa saa yenyewe. Mikono ikiwa huru iko poa, nilihesabu kwa mdomo hatua 100 ikaandika 97. Kasheshe ni ukimbeba mtoto. Siku moja nimetoka Coco Beach nikavuka Daraja la Tanzanite mpaka upande wa Aga Khan na kurudi, mtoto nimemkumbatia kifuani jasho linanitoka, nacheki saa, eti hatua 800! Na lile daraja kwenda tu ni kama kilomita nzima jamani. Halafu jioni nimekaa zangu kwenye kigoda nafua nepi, hatua zinapanda tu. Kumbe ndani kuna kidude kinasikilizia mkono unavyocheza, habari za miguu hakina. Siku hizi nikimbeba mtoto naivua naifunga kwenye kifundo cha mguu, mkanda unafika tundu la mwisho kabisa, watu wananiangalia kama nimevaa hirizi ila hesabu inakaa sawa.

Ile namba ya hatua 10,000 kwa siku inayokuja na saa msijiue nayo, ilianzia Japani 1965 kwenye biashara ya kuuza kifaa cha kuhesabu hatua, sio kwamba kuna daktari alikaa akaipima. Mimi nimeishusha 6,000. Kalori inazoandika wala sizisomi, saa haijui kama nanyonyesha, na ukinyonyesha njaa yake mnaijua wenyewe, kula.

Chaji siku tano. Mpira wa mkanda unawasha na joto hili la Dar, ukivua unakuta alama nyekundu. Leo niko 79, mtori bado unakuja.

Kwa 35 chukua. Kwa 60 muachie mwenyewe.