TAHADHARI: Muuza "asali ya Manuka" kanitapeli, na Mama ndiye aliyeumia

Ndugu zangu, nimekaa na jambo hili wiki tatu kwa aibu. Nilitaka lipite kimyakimya. Lakini juzi nimeambiwa huyu mtu kahamia kundi jingine na picha zilezile, chupa ileile, maneno yaleyale, na safari hii kuna mama wa mtoto wa miezi saba anayeulizia bei. Basi aibu yangu naiweka pembeni. Nasema yote.

Wengi mnamjua Mama na mnajua tulikopita naye tangu mwaka jana, kwa hiyo sirudii. Safari hii alikuwa na vitu vidogo tu: kikohozi kikavu kinachomwamsha usiku, na kidonda kwenye muundi alipojigonga na ukingo wa kitanda. Dawa zake za sukari anameza bila shida, ila ukimwongezea kidonge kingine chochote anageukia ukutani. Ndiyo maana mtu alipoleta habari za asali inayotuliza kikohozi na kukausha vidonda, nilikuwa wa kwanza kumwandikia.

Kabla hamjaniuliza "ulimwaminije mtu usiyemjua," nisikilizeni. Sikukurupuka. Habari za Manuka nilishazisoma muda mrefu. Ni mti mdogo wa New Zealand na kusini mashariki mwa Australia, nyuki wanachukua nekta ya maua yake kwa wiki chache tu kwa mwaka. Mtafiti Peter Molan wa Chuo Kikuu cha Waikato ndiye aliyeonyesha, tangu miaka ya 1980, kwamba asali hii inaendelea kuua bakteria hata ukiiondolea ile peroksaidi inayozipa asali nyingine nguvu. Mwaka 2008 watafiti wa Dresden, Ujerumani, wakaandika kwamba nguvu hiyo inatokana na kemikali iitwayo methylglyoxal, ndiyo hiyo MGO mnayoiona kwenye chupa. Na Marekani iliruhusu bandeji ya vidonda yenye asali ya Manuka mwaka 2007. Haya yote ni kweli. Na huyu mtu aliyasema yote, kwa mpangilio, bila kusitasita, kabla sijamuuliza. Jina la Molan alilitaja yeye. Nikasema moyoni, huyu anajua anachouza. Tena alijitambulisha kuwa muuguzi, na aliyemleta kwenye kundi ni mtu tunayeheshimiana naye sote. Mnamjua, simtaji, naye kalizwa kama mimi.

Sasa sikieni jinsi alivyofanya.

Ilikuwa Alhamisi jioni. Kapiga simu ya video, mimi na Mama tumekaa kitandani, simu nimeiegemeza kwenye mto. Amevaa koti jeupe. Nyuma yake kuna rafu ya chupa zimepangwa, vibandiko vyote vimetazama mbele. Akachukua glasi ya maji, akachota asali kijiko kimoja, akaimimina taratibu. Ikashuka kama uzi mpaka chini, ikajikunja pale, maji yakabaki meupe. Akaisogeza glasi karibu na kamera. "Unaona, dada yangu? Feki ingeshayeyuka." Akachukua njiti ya kiberiti, akachovya ncha kwenye asali, akaiwasha. Ikawaka. Akaweka tone kwenye ukucha wa kidole gumba, akageuza mkono huku na huku, tone halikutambaa. Kila akimaliza jaribio moja ananyamaza kidogo, ananiacha niangalie. Mama kaniambia, "Huyu mtu ana subira."

Kisha akasema anataka kuongea na mgonjwa mwenyewe. Nikamgeuzia Mama simu. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Akamuuliza kikohozi kinaanza saa ngapi, kina makohozi au hakina, kidonda kinauma au kinawasha. Hakuna aliyemuuliza Mama maswali hayo kwa upole ule kwa muda mrefu, nasema ukweli wa Mungu. Mama akamwambia, "Lakini mimi nina sukari, mwanangu. Asali nimekatazwa." Huyu mtu akacheka kidogo, akasema: "Mama yangu, hii si sukari, hii ni dawa. Manuka haipandishi sukari, inaishusha. Vijiko vikubwa vitatu kwa siku, na kidonda upake asubuhi na jioni."

Mama akanitazama. Alikuwa ananiuliza mimi. Nami nikatikisa kichwa, kwamba ndiyo, ni sawa.

Hicho ndicho kinachoninyima usingizi. Pesa nitatafuta nyingine. Mama aliuliza swali sahihi, na mimi nikamwitikia kwa niaba ya tapeli.

Baada ya hapo ikawa haraka haraka. "Zimebaki chupa mbili, dada, na kuna mtu kaniwekea oda ya zote." Bei ya chupa moja ilikuwa mara sita ya asali ya kawaida, na hilo nalo likanifanya niamini zaidi, maana nilijua Manuka ya kweli ni ghali. Nikatuma hela hapohapo. Hakukata simu mpaka ujumbe wa malipo ulipoingia kwake. "Imefika, dada yangu. Mungu akubariki kwa unavyomtunza mama." Nililia kidogo. Wanaojua mwaka wetu ulivyokuwa wataelewa kwa nini.

Chupa ikaja siku mbili baadaye, nzito, kibandiko cha dhahabu, mfuniko umefungwa kwa utepe wa plastiki. Nilipofungua ikatiririka. Nilikuwa nimesoma kwamba Manuka ni nzito, inakaa kama jeli mpaka uikoroge, na ina uchungu kwa mbali. Hii ilishuka kijikoni kama shira, tamu tupu, na harufu yake ni ya sukari iliyoungua. Mama kaonja akasema, "Mbona siupati ule uchungu uliosema?" Nikamwandikia muuzaji. Jibu: "Ni joto la safarini, dada, dawa yake iko palepale." Nikaridhika. Nilikuwa nimeshalipa, nilitaka kuridhika.

Siku ya nne Mama akawa anakunywa maji bila kukoma na kwenda msalani usiku kucha. Siku ya tano asubuhi, kabla hajala kitu, nikampima sukari: 15.6. Huwa anaamkia 7 na kitu. Nikadhani kipimo kimeharibika, nikamtoboa kidole cha pili. 15.9. Nikafungua bandeji ya mguuni. Kidonda kilichokuwa kimeanza kukauka kilikuwa kimelowa, kingo nyekundu, ngozi ya pembeni ya moto ukiigusa, na ile shira imeganda kwenye shashi pamoja na usaha.

Zahanati muuguzi (huyu wa kweli) akauliza, "Mnampaka nini?" Mimi nikanyamaza. Mama ndiye aliyejibu: "Dawa aliyoninunulia mwanangu." Alisema kwa sauti ya kunitetea.

Yule dada muuguzi hakunigombeza. Akanieleza kwamba asali yoyote, iwe ya ua gani, karibu sehemu nne katika tano ni sukari. Kijiko kikubwa kimoja kina gramu 17 hivi. Vitatu ni zaidi ya gramu 50 kila siku, kwa mtu ambaye mwili wake unashindwa kuimudu. Na asali ya vidonda inayotumika hospitali imepigwa mionzi ya gama kuua vijidudu na mbegu zake, inakuja kwenye tyubu au imeshalowekwa kwenye bandeji. Asali ya chupa, hata ingekuwa Manuka halisi, ni ya kula. Haipakwi kidonda cha mtu mwenye sukari. Mama kapewa antibayotiki, na kidonda sasa kinasafishwa kila baada ya siku moja. Sukari imeshuka. Mungu katuhurumia.

Usiku ule nikaishika chupa chini ya taa nikaisoma kwa makini kwa mara ya kwanza. Kibandiko kinasema UMF 20+ (UMF ni alama ya daraja la Manuka ya New Zealand) na chini yake MGO 514+. Haviendani! MGO 514 ni ya UMF 15+. UMF 20+ inaanzia MGO 829. Aliyechapa kile kibandiko kanakili namba hii kwenye chupa moja na ile kwenye nyingine. Namba mbili zilikuwa mbele ya macho yangu siku zote zile. Nikawaandikia wenye hilo jina la kwenye chupa, nikawatumia picha. Wakajibu kwamba namba ya toleo si yao na huyo mtu hawamjui. Jibu lao nikamtumia yeye. Akaniandikia, "Umelipwa na nani kunichafua?" Kisha akaniblok. Kwenye kundi akafuta picha zote, na wale wawili waliokuwa wanatoa ushuhuda kila siku, "nimepona vidonda vya tumbo", "mwanangu kapona kikohozi", wakatoka dakika ileile aliyotoka yeye.

Huyu hatakiwi kuachwa. Namtaka mahakamani. Namtaka arudishe hela za kila mtu, na gharama za matibabu ya Mama juu yake, na koti lile jeupe avuliwe, maana ndilo lililotuua. Mwaka 2019 huko New Zealand kwenyewe kampuni iliyochakachua asali ya Manuka kwa kuongeza methylglyoxal na DHA (kemikali inayogeuka kuwa methylglyoxal) ya viwandani ilitozwa faini kubwa mahakamani. Wale angalau kwenye chupa zao kulikuwa na asali! Huyu kauza shira, kamwambia mgonjwa wa sukari aache hofu, halafu tumsamehe kwa sababu "biashara ni ngumu"? Waliokuwa wananiambia nimsamehe, nendeni mkamwangalie Mama mguu.

Na lililonifanya niandike leo: yule mama wa mtoto wa miezi saba kaambiwa ampake mwanawe kwenye fizi, meno yanaota. JAMANI. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 12 hapewi asali. Halisi au feki, ya Manuka au ya mzinga wa nyumbani, hapewi. Asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria waitwao Clostridium botulinum. Sisi watu wazima hazitusumbui, lakini kwenye utumbo wa mtoto mchanga zinaota na kutoa sumu inayolegeza misuli, mtoto anashindwa kunyonya, anaweza kushindwa kupumua. Anayejiita muuguzi halijui hilo? Au analijua na anauza hivyohivyo? Sijui lipi ni baya zaidi. Yule mama nimempata, hakuwa amenunua, namshukuru Mungu.

Mnaoniuliza dalili, mimi nimeziona kwa kuchelewa. Majaribio ya maji, kiberiti na ukucha hayathibitishi chochote, shira nzito inafanya yote yale. Kuganda nako si ushahidi. Shangazi, ambaye kafuga nyuki maisha yake yote, kaniambia asali nzuri huganda, inategemea maua. Tangu 2017 serikali ya New Zealand inaitambua Manuka kwa kemikali nne na DNA ya chavua, yaani maabara, wala si kwa glasi ya maji. Yenye alama ya UMF lazima iwe imefungashwa hukohuko New Zealand, na kwenye kibandiko kuna namba ya leseni ya kampuni ambayo unaweza kuitafuta kwa chama cha wenye alama hiyo. Yangu haikuwa nayo. Maneno kama "Active 20+" peke yake hayana maana. Na anayekuambia haipandishi sukari, kata simu. Hapohapo.

Na kama ni kikohozi tu, hata mwongozo wa madaktari wa Uingereza wa 2018 unaposhauri asali unasema asali, hautaji Manuka. Chupa ya kawaida ingenitosha kwa mtu asiye na sukari, na Mama asingepewa kabisa.

Sasa naomba hivi. Aliyenunua kwa huyu mtu asiitupe chupa, hata kama imeisha. Piga picha kibandiko mbele na nyuma, na namba iliyochapwa chini ya chupa, nitumie pamoja na ujumbe wa malipo. Tuko wanne mpaka sasa, na chupa zote nne zina namba ya toleo moja, ileile. Jumatatu asubuhi napeleka malalamiko, chupa yangu nimeifunga kwenye mfuko pamoja na ile shashi ya kwanza ya Mama. Anayetaka jina lake liwemo aniandikie kabla ya Jumapili usiku.