Kununua reli ya nyumbani ukiwa mstaafu: tazama pointi kabla hujatazama treni

Nilistaafu uuguzi mwaka juzi, baada ya miaka 31 ya wodini hapa Leicester, Uingereza, na kitu cha kwanza nilichojinunulia kwa pesa ya kiinua mgongo kilikuwa treni ndogo ya umeme, ile ya kuchezea mezani. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli Tanga. Tulilala na kuamka kwa milio ya vichwa vya treni vikipanga mabehewa, na tangu nikiwa msichana nilijiahidi kwamba siku moja nitakuwa na stesheni yangu mwenyewe.

Nililipa pauni 180 kwa seti nzima: kichwa kidogo cha magurudumu manne, mabehewa matatu ya mizigo, duara la reli, pointi mbili (vile vipande ambapo njia hugawanyika) na kidhibiti mwendo. Dukani kichwa kilizunguka vizuri kabisa. Nyumbani nako kilizunguka. Lakini kila nilipopunguza mwendo ili niingize mabehewa kwenye njia ya pembeni, kilizimika palepale juu ya pointi. Nikikisukuma kwa kidole kinaondoka. Nikikirudisha kinazimika tena.

Nilihangaika wiki sita. Nilisugua reli, nikafuta magurudumu kwa spiriti, nikanunua kidhibiti kingine. Niliporudisha seti dukani, muuzaji aliiweka mezani, akafungulia mwendo mpaka mwisho, treni ikapita juu ya pointi mbio, akanitazama kama mtu aliyemaliza kesi. Hakunirudishia hata senti. Hilo ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu, pamoja na barua za wasomaji wanne walioniambia jambo lilelile kwa maneno tofauti kidogo.

Sitazungumzia ukubwa wa chumba, uzuri wa rangi, wala kipimo gani kinafanana zaidi na treni halisi. Hayo muuzaji yeyote atakueleza mpaka uchoke. Nataka tuzungumze juu ya kipande kimoja chenye urefu wa ncha ya kidole, ambacho karibu hakuna anayekitaja wakati wa kuuza.

Moyo wa pointi

Pointi ni pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili. Reli mbili hukutana katikati kwa umbo la herufi V, na Wajerumani wanakiita kipande hicho Herzstück, kipande cha moyo. Mimi nami nakiita moyo.

Treni nyingi za namna hii hupata umeme kutoka kwenye reli zenyewe. Reli moja ni chanya, ya pili ni hasi, na magurudumu yanauokota umeme na kuufikisha kwenye mota. Sasa pale kwenye moyo, reli ya chanya na ya hasi zinakutana. Zikigusana, shoti. Njia rahisi ya kuepuka shoti ni kuutengeneza moyo kwa plastiki, na ndivyo zilivyo pointi nyingi za kwenye seti za kuanzia. Gurudumu likikanyaga plastiki halipati kitu. Kichwa cha magurudumu manne kina mawili kila upande. Moja likiwa juu ya moyo, kichwa kizima kinategemea lile moja lililobaki upande huo, na hapo chembe ya vumbi inatosha kukizima.

Kikipita kwa kasi, msukumo wake unakivusha kabla mota haijajua kwamba umeme ulikatika. Ndiyo maana dukani wanaendesha kwa kasi. Mtoto naye anaendesha kwa kasi, hatagundua kitu. Sisi wastaafu ndio tunaoumia, kwa sababu starehe yetu ni mwendo wa pole: kichwa kinasogea kwa hatua ya mtu mzima, kinagusa behewa, kinalivuta, kinaliacha mahali pake.

Kuna mchezo mmoja unaoitwa Inglenook Sidings, uliobuniwa na Mwingereza Alan Wright, nao umewatosha wastaafu wengi bila duara lolote. Njia tatu tu: moja inabeba mabehewa matano, mbili zinabeba matatu kila moja. Una mabehewa manane. Unachagua matano na mpangilio wake kwa kura, kisha unahangaika mpaka yakae hivyo hivyo. Mipangilio inayowezekana ni 6,720. Ubao wa mita moja na nusu unatosha, unaweza kuuweka juu ya kabati la nguo, na pointi zinazohitajika ni mbili tu. Mbili! Basi kwa nini uzinunue mbovu?

Kabla ya kulipa, omba jambo hili moja. Mwambie muuzaji asimamishe kichwa juu ya moyo wa pointi, kisha akiondoe kwa mwendo mdogo kabisa, mara tano, kila upande. Akikataa, ondoka. Kama pointi ni za kuuzwa peke yake, soma maandishi ya kifurushi: neno Insulfrog maana yake ni moyo wa plastiki.

Chaguo langu la kwanza: Peco

Sifichi, Peco ndiyo ninayoipenda na ndiyo niliyonayo sasa. Kampuni hii iliasisiwa na Sydney Pritchard mwaka 1946 na ipo katika kijiji kiitwacho Beer, Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Reli zao ni za aloi ya shaba, nikeli na zinki. Wauzaji wanaiita fedha ya nikeli ingawa haina fedha ndani yake, lakini haishiki kutu, na kwa wasomaji wa pwani yetu neno hilo ni zito. Reli za chuma cha kawaida, zile za seti za zamani, hewa ya chumvi ya Tanga au Mombasa itazivaa upesi.

Chukua aina ya Streamline, pointi ya wastani, ambayo mzingo wake una nusu kipenyo cha milimita 914. Ile ndogo ni ya milimita 610, na mabehewa marefu yanasukumana vibaya juu yake. Kuhusu moyo, pointi iitwayo Electrofrog ina moyo wa chuma wenye umeme. Ni nzuri sana, ila lazima uweke viunganishi vya plastiki kwenye reli mbili za ndani zinazotoka kwenye moyo, la sivyo unapiga shoti. Toleo jipya linaitwa Unifrog. Moyo wake ni wa chuma, haujaunganishwa na chochote, na una waya mdogo chini yake. Unaweza kuilaza pointi kwenye ubao na kuendesha siku hiyohiyo, kisha ukipata fundi, au ukijifunza mwenyewe, unaunganisha ule waya na swichi inayogeuza umeme wa moyo kila pointi inapogeuka. Usiishie kwenye kuilaza tu. Bila waya ule, moyo wa chuma haukupi umeme kama vile wa plastiki usivyokupa.

Jambo jingine la Peco ni springi iliyo ndani ya pointi. Unasukuma kwa kidole, inaruka upande wa pili na kukaa imara. Huhitaji mota wala swichi nyingi kwa kuanzia. Vidole vyangu vina yabisi, na springi hiyo naishukuru kila jioni.

Angalizo: reli za Peco ziko za aina mbili za urefu wa wima, ziitwazo kwa Kiingereza Code 100 na Code 75. Code 75 ni fupi na nzuri kwa macho, lakini vichwa vya zamani vyenye kingo ndefu za magurudumu hugonga mataruma yake. Ukinunua vitu vya mtumba, baki na Code 100.

La pili: Märklin

Wasomaji walioko Ujerumani, hii ni yenu. Märklin, wa Göppingen tangu 1859, walimaliza tatizo la moyo kwa njia yao wenyewe: vitone vidogo vya chuma katikati ya reli, na kiatu kirefu chini ya kichwa kinachoteleza juu yake. Reli zote mbili za pembeni zina umeme wa aina moja, kwa hiyo zikikutana kwenye moyo hakuna shoti, na chuma kinabaki chuma. Hata ukitaka njia inayozunguka na kurudi ilikotoka, unaijenga tu, jambo ambalo kwenye mfumo wa reli mbili lingekulazimu uongeze kifaa maalumu.

Kwa nini basi siyo ya kwanza? Kwa sababu ukiingia hutoki. Vichwa vya mfumo wa reli mbili havitembei humo, kwa hiyo unafungwa na bei za mfumo mmoja maisha yako yote. Na kwa sisi tulioko Uingereza, tangu Januari 2021 kifurushi cha kutoka Ujerumani cha zaidi ya pauni 135 hutozwa kodi kikiingia, halafu msafirishaji anakudai ada yake ya kukukusanyia kodi hiyo. Nililipa ada hiyo kwa behewa moja nililolitamani, na bado inaniuma. Mtu aliyehesabu pensheni yake mpaka senti ya mwisho anastahili kuambiwa jumla yote kabla hajabonyeza kitufe cha kununua.

La tatu: Kato, kwa chumba kidogo

Kato ni Wajapani, na reli yao ya Unitrack, yenye milimita 9 kati ya reli na reli, vipande vyake hubanana kama mchezo wa watoto lakini havilegei. Chagua pointi namba 6: moyo wake ni wa chuma, unapata umeme kwa kufuata upande pointi ilipogeukia, na mota imefichwa ndani. Kikwazo ni macho. Mabehewa ni madogo sana, na kuyarudisha relini bila miwani ya kusomea ni kazi.

La nne: Hornby

Vichwa vya Hornby, kampuni ya Uingereza, navipenda, na viwili vinatembea juu ya Peco zangu. Pointi zao za kawaida zina moyo wa plastiki. Kama tayari unazo, usizitupe. Nunua kichwa kirefu kinachookota umeme kwa magurudumu sita au zaidi, kitavuka. Vile vidogo vya magurudumu manne ndivyo vinavyokwama, na kwa bahati mbaya ndivyo vinavyowekwa kwenye seti za bei nafuu.

Seti za plastiki za betri ni za wajukuu.

Wauzaji

Hapa nina kinyongo na nitakisema. Kwenye mitumba ya mtandaoni neno ni moja: imejaribiwa. Imejaribiwa vipi? Kwenye kipande cha reli iliyonyooka, kwa kasi, sekunde kumi za video. Kifurushi cha biskuti kinaandika kila kiungo, lakini boksi la treni la pauni 180 halisemi kama moyo wa pointi zake ni chuma au plastiki. Anayeuza anajua. Asiponiambia, ameniuzia nusu ya kitu kwa bei ya kizima.

Mzee mmoja aliyestaafu bandarini Mombasa ameniuliza aagize nini, kwa sababu mwanawe anarudi kutoka London mwezi ujao na ana nafasi ya sanduku moja. Anataka pia reli ifanane na yetu ya zamani, ile yenye upana wa mita moja. Inawezekana. Kwa kipimo cha 1 kwa 87, mita moja inakuwa karibu milimita 12, na Peco wanatengeneza reli ya milimita 12. Lakini vichwa vyake ni vya kutafuta kwa tochi, kwa hiyo nimemshauri aanze na ya kawaida ya milimita 16.5. Pointi mbili za wastani, Unifrog, moja ya kushoto na moja ya kulia. Kila moja ina urefu wa sentimita 22, zinalala vizuri katikati ya nguo. Pakiti moja ya viunganishi vya chuma, na moja ya plastiki ya akiba. Reli ndefu za kupinda ni za milimita 914 na hazitaingia sandukuni, basi mwanawe azikate katikati kwa msumeno mwembamba kabla ya kufunga safari, na asizipinde.

Kile kichwa changu cha magurudumu manne bado ninacho. Nilibadilisha pointi mbili tu, nikaunganisha waya wa moyo. Jana usiku nilikisimamisha juu ya moyo, nikaenda kuchemsha chai, nikarudi, nikafungulia kidogo. Kikaondoka.