WhatsApp au Telegram kwa wanafunzi wa tuisheni ya mtandaoni?

Ukifundisha kidato cha nne mtandaoni, maswali hayaishi: "Mwalimu, video haifunguki." "Nimeshalipa, mbona somo bado limefungwa?" Kumjibu kila mmoja peke yake kunachosha, ndiyo maana wengi tunafungua kundi.

WhatsApp mzazi anayo tayari, hahitaji kuelekezwa. Ila kundi linaishia watu 1,024, na kwa kawaida namba za simu zinaonekana na wote. Kwangu hiyo ni kasoro nzito. Hawa ni watoto. Mtu asiyejulikana anaweza kumfuata binti wa miaka 16 pembeni.

Kundi la Telegram linabeba hadi watu 200,000, na namba inafichika. Tena ukiruhusu, anayejiunga Oktoba, mtihani wa NECTA ukiwa umekaribia, anaona majibu yote ya tangu Januari. Anatafuta "logarithimu", anakuta mwenzake alishaipiga picha kwenye daftari, hatua kwa hatua, na kosa limezungushiwa kalamu nyekundu. Shida ni wazazi: wengi hawana programu hiyo.

Mimi ningewaweka wanafunzi Telegram. Habari za malipo zibaki WhatsApp, mzazi aulize kwa ujumbe wa faragha.