Nguo za kazini kutoka Karume, na fundi aliyezikamilisha

Nilipoajiriwa ofisini mwezi Februari nilikuwa na shilingi 150,000 za kununulia nguo za kuanzia kazi, na kwa fedha hiyo madukani Kariakoo ningepata suti moja ya kitambaa chepesi na kukosa cha kubadilisha. Nikaenda soko la nguo za mitumba la Mchikichini, Ilala, ambalo wengi tunaliita Karume kwa sababu ya uwanja wa mpira ulio jirani, nikiwa nimekwisha kutenga shilingi 50,000 za fundi cherehani kabla sijagusa hata shati moja. Ninalisifu soko hilo kwa dhati, lakini anayelitegemea soko peke yake bila fundi atarudi nyumbani na nguo nzuri za mtu mwingine.

Fika asubuhi, marobota yanapofunguliwa, kwa kuwa kufikia saa tano nguo za daraja la kwanza huwa zimekwisha kuchukuliwa na wenye maduka. Namba iliyoandikwa kwenye lebo haina maana kubwa, kwani saizi za Ulaya, Marekani na Asia hazilingani. Mimi nilibeba futi kamba pamoja na vipimo vya shati langu linalonikaa vizuri. Chumba cha kujaribia hakuna, hivyo suruali huzungushwa kiuno chake shingoni, na ncha zake zikikutana nyuma bila kuvutwa, kwa kawaida itakuenea. Lishike shati juu, mwanga upite, utazame kwapa na ukosi, sehemu zinazochakaa kwanza. Nilipata mashati manne kwa shilingi 6,000 kila moja, suruali tatu za kadeti kwa 12,000 kila moja, na koti la sufu nyepesi kwa 25,000. Nguo za ndani na soksi nilinunua mpya kwa 15,000, na hapo sikuona sababu ya kubana matumizi, kwa sababu nguo za ndani za mitumba zimepigwa marufuku na Shirika la Viwango Tanzania (TBS) kwa ajili ya afya zetu.

Fundi niliyempelekea kazi hii ana cherehani mbili barazani, na ndiye aliyenifundisha kuitazama nguo kwa ndani. Aliipindua suruali ya kwanza, akanionyesha kitambaa cha akiba, kama sentimita tatu, kilichokunjwa kwenye mshono wa nyuma ya kiuno, akaeleza kwamba suruali yenye akiba hiyo inaweza kuongezwa na kupunguzwa, ilhali isiyo nayo hupunguzwa tu. Kabla ya kukata chochote alinibandika pini, akaniagiza nikae, nichuchumae, kisha niinue mkono kama ninavyoshika bomba ndani ya daladala, maana shati lililobanwa mtu akiwa amesimama wima huchomoka kiunoni mara tu anapoinua mkono. Alikuwa amenionya mapema nisimletee koti lenye mabega mapana, kwa sababu kulirekebisha ni kung'oa mikono, bitana na pedi, kazi ambayo gharama yake huzidi bei ya koti lenyewe.

Mashati alipunguza ubavuni kwa shilingi 4,000 kila moja, suruali akazirekebisha kiuno na pindo kwa 5,000 kila moja, na koti kwa 15,000. Mishono yake imenyooka, nyuzi zinalingana na rangi ya kitambaa, na pindo analishona kwa mkono ili uzi usionekane nje. Ninasisitiza jambo hilo kwa sababu mwaka uliotangulia fundi mwingine alinikatia pindo la kadeti ya pamba iliyokuwa bado na lebo ya dukani, haijawahi kufuliwa. Ilipofuliwa ikarudi ndani, vifundo vya miguu vikabaki wazi, na kitambaa kilichokatwa hakikuweza kurudishwa. Tangu hapo kila nguo huifua na kuianika kabla ya kuipeleka kwa fundi, hata ikionekana safi.

Kasoro ya fundi wangu ni muda: aliahidi siku tatu, zikawa sita. Mpelekee kazi katikati ya mwezi, kwani karibu na Idi na Krismasi foleni ya sare na magauni humfanya asipokee marekebisho kabisa.