Kizibao cha PRESS cha Mwanjelwa: chukua cha bluu

Vizibao vya PRESS vya waandishi wa habari vinavyoshonwa kwa oda pale Mwanjelwa, Mbeya, ni kazi nzuri, ila usikubali rangi yoyote fundi aliyonayo. Njano inayong'aa ni ya bodaboda. Kwenye vurugu, askari aliye mbali hasomi maandishi, anaona rangi. Kaki itakufananisha na magwanda ya Chadema, kijani na CCM au jeshi. Agiza bluu iliyoiva, herufi nyeupe zenye urefu wa sentimita 10 mgongoni na 7 kifuani. Ukibeba begi mgongoni neno linafunikwa, kwa hiyo mwambie aliandike na kwenye begi.

Herufi zichapwe kwa wino. Za kubandika kwa pasi huanza kubanduka pembeni baada ya kufuliwa mara chache. Ubavuni kuwe na velkro, si kamba wala bizimu: mtu akikukwida kwa nyuma, kizibao kiachie ubaki na mwendo wako. Udhaifu mkubwa uko hapohapo, kwani velkro hupigwa mshono mmoja, dai miwili. Pima ukiwa na sweta, maana Juni na Julai Makete au Mafinga hutavaa shati tupu. Mfuko wa chini utoshe chupa ya maji ya nusu lita: moshi wa mabomu ya machozi ukikuingia machoni usifikiche, osha, kisha elekea upepo unakotoka.

Lakini kitambaa hakizuii kitu. Daudi Mwangosi wa Channel Ten, mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Iringa, aliuawa Septemba 2, 2012 kijijini Nyololo, Mufindi, kwa bomu la machozi lililofyatuliwa kwa karibu sana. Mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Bomu hilo hutengenezwa lirushwe kwa mbali. Kwa karibu linaua. Usikae kati ya askari na umati, wala mbele ya mtutu. Kaa ubavuni, uwe na njia ya kutokea, na kabla ya kazi jitambulishe kwa kiongozi wa askari.

Gharama ni suala jingine, na linauma. Waandishi wengi wa mikoani hulipwa kwa habari, hawana ajira, na kizibao wanajinunulia. Mhariri anayetaka picha za maandamano akilipie, pamoja na bima, kabla hajamtuma mtu.