Mafuta ya viwele vya ng'ombe, mikononi mwangu

Mkebe ni wa bati, mraba, wa kijani, una kichwa cha ng'ombe kilichozungukwa na maua mekundu ya klova. Mafuta yenyewe yanaitwa Bag Balm. Yalianzia Vermont, Marekani, mwaka 1899, wafugaji wapake viwele vilivyopasuka. Wakamuaji nao wakaanza kujipaka, na mkebe ukahama zizini ukaingia nyumbani.

Mimi nafua kwa mikono, vidole hunipasuka kwenye viungo. Usiku nachota kiasi cha punje ya harage, nasugua hadi yapate joto, navaa soksi kuukuu mikononi, nalala. Asubuhi ya tatu mipasuko ilikuwa imefunga. Kunata yananata, shuka zangu ni mashahidi. Harufu? Kondoo aliyeogeshwa kwa dawa. Ndiyo lanolini hiyo, mafuta ya sufu.

Ninachoyapendea zaidi, hayaahidi miujiza. Enzi hizo, huko huko Marekani, chupa ya dawa ya mitishamba ya Lydia Pinkham iliuzwa kama tiba ya karibu kila ugonjwa wa kike, kumbe ndani mna pombe karibu asilimia 18. Bibi wa watu angekosaje kupata nafuu! Haya yanalainisha ngozi, basi. Mkebe wa pili nimeshanunua.